Sikio la Kulia

Kompyuta ya masjala, hapa mahakamani Arua,
ina matundu matatu mgongoni: la kijani, la waridi, la buluu,
yote yamejaa vumbi la kesi za ardhi.
Ezati fundi alinipa sharti moja: kijani ndilo la kusikia.
Nikachomeka. Nikavaa hedifoni za sponji iliyobanduka.
Sikio la kushoto likaamka.
La kulia likanyamaza, kama redio iliyoishiwa betri.

Siku nne nimeandika kwa sikio moja.
Shamba la mihogo kule Vurra, kaka na kaka,
na shahidi wao, Candiru, sauti yake imenyooka:
mpaka unapita kwenye kichuguu.
Akajibu, nikachapa. Akajibu, nikachapa.
Nikampenda kwa jinsi asivyosita.

Leo umeme umekatika, ukarudi.
Nimeinama kuiwasha, goti likagonga waya,
pini ikaingia ule ukucha mmoja uliobaki:
tk.

Upande wa kulia ukafunguka.
Feni. Mvua juu ya mabati. Mtu anasogeza kiti.
Na kabla ya kila jibu la Candiru
pumzi ya mwanamume:
Kichuguu. Sema kichuguu.

Nimerudisha nyuma mara sita.
Nachomoa pini kidogo, mwanamke anasema kweli.
Naisukuma, anafundishwa.

Saa kumi na moja hakimu anataka kurasa zake.
Nafuta arobaini na tatu.
Nachapa upya, mstari wa kwanza:

Sauti ya kiume, mwenyewe hajatambulika.