Saba Isiyo na Mkanda

Wizi huu, kama ni wizi, niliufanya kwa kalamu.
Saba yangu haina mkanda tumboni;
ukiitazama kwa haraka, ni moja iliyoinamisha kichwa.
Mzee Hvidtfeldt, fundi wa fremu, alikwisha nionya mara tatu
pale karakanani Svendborg, gundi ikitokota,
mvua ya Novemba ikigonga dirisha kama mdai.

Namba moja: bibi wa kale aliyeshika limau,
mali ya makumbusho, umri miaka mia tatu, bei haitamkiki.
Namba saba: mama mkwe wa Torkild,
aliyechorwa na binamu mlevi kwa malipo ya bata wawili.
Wote nimewafunga blanketi la kijivu, kamba ileile,
wote wamenuna gizani.

Torkild akaja na baiskeli yake yenye sanduku mbele,
akampakia bibi wa limau juu ya viazi,
akaenda zake akipiga mluzi.
Bodil, mkewe, hakuvaa miwani.
"Fundi kamsafisha mama vizuri," akasema. "Hata pua imepungua."
Wakamtundika jikoni, juu ya mkebe wa mkate mweusi.

Na mama mkwe?
Siku tisa alikaa ukumbi wa pili,
ana taa yake, kamba yake nyekundu, mlinzi wake.
Watu wakamsogelea, mikono nyuma,
wakanong'ona juu ya ukimya wake.
Profesa mmoja alitokwa na machozi.
Siku ya kumi mtoto wa shule akauliza
mbona bibi wa kale amevaa saa ya mkononi.

Hapo nchi ikashikwa na kiwewe.
Gazeti: genge la kimataifa, kazi ya mabingwa!
Torkild alilisoma chini ya picha yenyewe,
kipande cha samaki wa siki kimeganda njiani kuelekea mdomoni.
"Watu wana akili, Bodil. Akili kwelikweli."

Mimi nikaitazama saba yangu.
Kuiba kulinichukua sekunde mbili.
Kurudisha: siku nne, uongo kumi na mmoja,
na usiku mzima chooni mwa makumbusho
nimemkumbatia bibi wa watu.
Asubuhi nikatoka na mama mkwe chini ya koti.

Sasa kila mtu yuko kwake.
Ila Bodil analalamika: mama, tangu arudi,
haliangalii tena jiko.
Anatazama mlango,
kama anayengoja saa ya kufungua.