Kamba ya Mafundo Mawili

Nimekwenda Pasua, nikarudi Njoro, nikazunguka Bomambuzi
na kamba mfukoni yenye mafundo mawili:
la kwanza, urefu wa kitanda;
la pili, cherehani na mguu wangu ukikanyaga.

Kundaeli dalali hapimi kwa kamba.
Hupima viatu vyangu.
Elfu kumi ya kuonyeshwa, hairudi,
hata kitasa kikigoma.

Majengo: sakafu ya marumaru, harufu ya rangi mpya.
"Themanini kwa mwezi, miezi sita mkononi.
Na dirisha hilo, ona, mlima wote wako."
Nikatazama. Wingu.
Nikauliza: siku za wingu mnapunguza ngapi?
Hakucheka. Nilicheka peke yangu, nikashuka ngazi.

Miezi sita!
Mimi nalipwa suruali kwa suruali,
zipu elfu mbili, pindo mia tano,
na sare za shule ni Januari tu.

Jana, Rau, nyuma ya mashine ya kusaga,
Mama Aikande kanifungulia stoo iliyokuwa ya mahindi.
Elfu ishirini na tano, mwezi kwa mwezi,
choo cha wote, luku ya kuchangiana.
Nikanyoosha kamba. Kitanda kikaingia.
Cherehani ikabaki mlangoni,
nusu ndani, nusu uani.

Akaitazama kamba, akanitazama.
"Kwani ukishona nje utapungua nini?
Mvua ikija, panda kitandani, uivute."

Nimelipa mwezi mmoja.
Pumba bado ziko kwenye kona.
Fundo la pili sijalifungua.