Sijui ya Mkasi

Charahani yangu ya mkono ilianza kuruka
Jumanne, wiki ya mwisho kabla skuli kufunguliwa:
mshono mmoja unashika, wa pili unapita hewani,
na sare kumi na tisa mezani
zinangoja pindo.

Nikaibeba kichwani hadi mbele ya duka la Faki Shoka,
hapa Wete, njia ya kushukia bandarini,
nikauliza kama mtu anayeuliza saa:
"Jamani, kitu gani hufanya charahani iruke?"

Majibu yalifika kabla sijameza mate.
Kombo: "Hata ya mke wangu iko hivyo hivyo,"
akarudi kwenye kahawa yake, kazi imekwisha.
Mbwana: "Nunua ya umeme."
Mwengine, simjui, alipita na baiskeli,
hakushusha hata mguu:
"Mafuta hayo!"
Na Hamad Sharifu, ambaye hajapata kutia kifungo,
alieleza robo saa nzima,
akaanzia kwa Wajerumani, akamalizia chuma cha siku hizi,
na mwisho akasema alichosema Kombo,
ila kwa kuinua kidole.

Nikatia mafuta.

Sare ya ishirini ikapata doa begani,
jeusi, la duara, kama jicho la popo.
Kitambaa kile mama mtu alikinunua
kwa pishi mbili za karafuu alizookota chini ya mikarafuu ya watu.
Nimdai nani?
Mwenye baiskeli keshafika Konde.

Mgeni humpi maji hujachungulia kata.
Jibu tunalitoa na wadudu wake.

Siku ya pili nikauliza tena, sauti imeshuka.
Mkasi binti Makame alikuwepo, ametumwa sukari.
"Sijui," akasema.
Wakacheka! Jina Mkasi,
na charahani haijui!

Lakini hakuondoka.
"Sindano uliibadilisha lini?
Huruka kitambaa kizito tu, au hata chepesi?
Uzi ni ule ule?"
Akachutama, akaichomoa sindano,
akailaza juu ya kioo cha kabati la Faki,
akainama mpaka jicho likawa sawa na kioo.
"Njoo utazame. Katikati haigusi."

Imepinda. Si zaidi ya unywele.

Barazani kimya. Kombo akapuliza kahawa
iliyokwisha kupoa.

Sare zote zilitoka Ijumaa.
Ile ya ishirini hupita mlangoni kwangu kila asubuhi,
na bega lake nalijua kabla sijauona uso.

Jana alikuja mwanamke kutoka Mtambwe:
kola zake zinajikunja, ataka kujua kwa nini.
Ulimi wangu ukaja mbio, umevaa na viatu.
Nikaubana kwa meno
kama ninavyobana pini nikipima mtu nguo.

"Sijui," nikamwambia.
"Kaa. Nioneshe."