Mbuni

Neno hili lina matawi matatu. Mbuni ni ndege
asiyeruka, ambaye sisi wa Katumba hatujamwona.
Mbuni ni mti uliotusomesha.
La tatu nitalifikia.

Mwaka walipoing'oa ile mibuni, sababu ilikuwa bei.
Parachichi lilikuja na wanunuzi wake,
na malori yenye barafu tumboni,
na miche iliyofungwa utepe shingoni
kama watoto wenye mafindofindo.
Kaka Ambokile alikodi vijana sita na mnyororo.
Visiki vilitoka ardhini vimekunja ngumi.

Kuni hizo, wakasema. Mbuni una moto mtamu.

Mvua ikiwa ile yetu, isiyojua kuanza wala kukoma,
akaja Subilaga na mkokoteni,
koti la kiume juu ya gauni, penseli sikioni.
"Nipeni visiki, nitawalipa kuni za mkaratusi,
mzigo kwa mzigo."
Kaka alicheka hadi akashika kiuno:
nani hutoa kuni kavu akachukua tope?
Alichukua tope. Visiki thelathini na kimoja.
Sita vilikuwa vimeshachemsha maharage.

Karakana yake iko nyuma ya mashine ya kusaga,
kwa hiyo kila akitengenezacho huzaliwa na mvi za unga.
Humo hamna msumari.
Kuna tundu na ulimi wake. Kuna nta ya nyuki
ndani ya kopo la maziwa ya mtoto aliyekwisha kukua.
Kivuli cha taa hukisuka kwa maganda ya mgomba,
meza huipa miguu ya mwanzi,
lakini kisiki hakiamrishi: hukizungusha, hukiketisha,
hukiuliza kingependa kukaliwa upande gani.
Mteja mmoja wa mjini alitaka vigoda arobaini, vyote sawa.
"Sawa na nani?" akamuuliza.

Jumanne moja akanipigia simu: msumeno umelia.
Njoo.
Ndani ya mti, kina cha ukucha wa kidole gumba,
palikuwa na waya.

Ulifungwa mbuni ukiwa mwembamba kama mkono wa mtoto,
ukasahauliwa na sisi, si na gome.
Gome liliufunika polepole: mwaka wa chulebuni,
mwaka ushirika ulipochelewa kulipa,
mwaka wa mrututu wa mkopo,
hadi ukawa siri ya mti.
Mizunguko mitatu. Subilaga alihesabu, kisha akanitazama.
Mimi ni mtoto wa tatu.

Nikamkumbuka baba akivuna na mifuko minne,
akikataa katakata kuchanganya:
huu ada ya huyu, huu ada ya yule.
Tulidhani ni uzee.

Mbuni, basi, ni pia anayebuni.
Waya hakuung'oa. Aliupitisha tupa, akaung'arisha,
akauacha pembeni mwa kikalio
kama pete kwenye kidole kilichonenepa.
Nakikalia tangu Juni. Asubuhi kina baridi ya kisima;
kikipata joto la mtu hutoa harufu hafifu,
si ya kahawa,
ya kitu kilichokuwepo kabla ya kahawa.

Nilimweleza kaka kwa simu. Alikaa kimya,
kisha akaanza habari za mbolea.
Jumamosi nimemkuta karakanani,
buti zimejaa udongo wa shambani,
anavigeuza vigoda kimoja kimoja, miguu juu,
kama mtu anayetafuta bei.
Subilaga anapiga msasa, hamtazami.
Vile sita, hakuna anayevitaja.