Daftari Nyuma-Mbele

Daftari hili mbele ni madeni ya duka.
Mzee Kapama: sukari robo, kiberiti, mkaa wa jana.
Bi Tausi: asali chupa mbili, atalipa mwisho wa mwezi,
hakutaja mwezi gani.

Ligeuze. Anza nyuma.
Huko ndiko tunakoishi mimi na Sizya
tangu alipoivuta kirikuu ya bluu kutoka mnadani Ipuli,
haina redio, haina kioo cha pembeni, haina aibu,
mlango wa kushoto unafungwa kwa kamba ya katani.

Sizya ni fundi wa mizinga ya nyuki.
Akaibebesha gari sanduku la mninga
kwa kanuni anazozijua: pakavu, mlango mdogo, hewa juu.
"Nyuki elfu arobaini hawagombani humu," akasema,
"sisi wawili tutashindwaje?"

Tulishindwa siku ileile.
Kabati la jiko lilikula futi nzima ya kitanda
na mume wangu hakunjiki.
Akanipa penseli, nikaandika:
litobolewe tundu la miguu.
Lipo mpaka leo, lina kipazia chake cha kitenge,
na akijinyoosha, nyayo zinachungulia uani kwa Nyanjige.

Ukurasa unaofuata ni wa maji:
ndoo ya bomba, ile ya kunawia mikono, shule waliitupa.
Halafu sola ya wati mia.
Mia imekatwa. Hamsini.
Hamsini imekatwa, pamechorwa koroboi,
na koroboi imekatwa na Sizya mwenyewe, kwa hasira:
SITAKI MOSHI KWENYE MNINGA.

Umeme ukikatika Isevya nzima, ndipo tunaondoka.
"Leo tunalala wapi?"
"Urambo tumeshapita. Kaliua, tununue mihogo."
Juzi tulifika Uvinza, nikachagua chumvi ya mawe.
Jana alitaka kukata kusini, Sikonge, Inyonga, Mpanda,
ateremke mpaka Kasanga bila kupumzika.
Nikamuuliza mafuta. Akanuna, akanuna kweli,
tukalala mzungu wa nne
kwa sababu ya barabara ambayo hatujaikanyaga.

Maana gari halina giaboksi.
Giaboksi ilipanda treni mwezi wa sita
kwenda Kigoma, kwa shemeji Ntahondi, fundi wa Mwanga,
imefungwa kwenye kiroba kama mgonjwa wa rufaa.
Imepita Malagarasi usiku. Imeliona ziwa.
Shemeji kila nikipiga simu anasema bado meno mawili,
nami namwonea wivu yule chuma.

Watu wanauliza kwa nini tusiezeke jiko kwanza.
Swali zuri. Sina jibu la kusimama nalo dukani.
Miaka thelathini na moja tumelipa kodi ya vyumba viwili,
na konokono, nilimwambia Nyanjige, hajawahi kudaiwa hata senti.
Akacheka. "Konokono naye anatembea, shoga."

Mvua ya kwanza ilitukuta ndani.
Tulikuwa tunapima rafu, mita mkononi,
ikapiga juu ya bati kama mtu anamwaga karanga,
nasi tukatazamana: nani akimbilie nyumbani?
Hatua arobaini. Hakuna aliyekimbia.
Kona ya kulia ikaanza kudondosha tone,
tone, kwenye paji la uso wa Sizya.
Akatafuta nta mfukoni, akaitafuna taratibu,
akalipachika lile bonge gizani kwa kidole gumba.
Sanduku likanuka msitu.
Nje tundu la miguu lilikuwa linalowa,
akaomba soksi zangu.

Asubuhi Nyanjige alikuwa anafagia maji.
Akatuona tunashuka, matandiko begani, macho mekundu.
"Mmerudi?"
"Tumerudi," akasema Sizya, na wala hakutabasamu.

Zimebaki kurasa tatu kabla madeni na safari hazijakutana.
Nimeandika leo, herufi ndogo, kubana nafasi:
nta zaidi, kona ya kulia.
Soksi jozi mbili.
Mpigie Ntahondi.