Wakia Moja

Sonara Hasmukh, karibu na soko la Jubilee,
alifuta kioo cha mizani kwa kidole gumba,
akaiweka peni yangu, akangoja tarakimu zitulie.
Thelathini na moja nukta mbili.
"Mama Ayitso," akasema, "peni yako imenenepa."

Nami sarafu za Kiingereza nazijua.
Mwaka wa kumi na tisa huu nachakura magunia ya vyuma Kibuye,
kati ya kufuli zisizo funguo na vijiko vya reli:
robo peni yenye kidege mkia juu,
shilingi ya simba, nusu krauni
iliyotobolewa ikawa kishikizo cha droo.
Nazilaza kwenye bahasha za karatasi ya daftari.
Siziogeshi. Asuguaye sarafu kuukuu
huikwangua umri wake.

Hii sikuinunua. Ilikuwa ya bibi Khavere.
Pana kama kifuniko cha chupa ya dawa, nzito,
ukingo wake mnene, na herufi zimezama ukingoni
kama nyayo kwenye udongo mbichi. 1797.
Uso mmoja, mfalme wa mashavu na taji la majani.
Uso wa pili, palipopaswa kuketi mama wa mkuki,
bahari miguuni, patupu.
Nikadhani ni uchakavu.

Ilipigwa kwa mashine ya mvuke, shaba tupu,
wakia moja kamili, isizidi, isipungue,
hata wenye maduka kwao wakaiaminia kupima.
Gramu ishirini na nane na ushei.
Sasa hizi tatu zilizozidi
zimetoka wapi?

Hasmukh akakwaruza kwa ncha ya sindano.
Chini ya weusi pakang'aa kijivu.
Risasi.

Ndipo nikaelewa maneno ya bibi,
yale tuliyoyaona ya uzee:
"Niliiba jiwe la mwizi."

Kakamega, enzi za dhahabu, alimfulia mashati
mnunuzi mmoja, Bwana Trelisi, watu wakamwita Tirilisi.
Wachimbaji walimjia na chembe zao
ndani ya mashina ya manyoya ya kuku.
Upande huu wa mizani, jasho la mwezi.
Upande ule, peni.
Siku moja, akianika, alimwona dirishani
anayeyusha risasi kwenye kijiko cha supu,
anaimimina polepole, anapaka masizi.
Bibi hakujua kusoma. Lakini alikuwa mwuza maharagwe,
na debe lililobonyezwa kitako
hakuhitaji kusomewa.
Peni ikaondoka kwenye pindo la leso yake.

Kesho yake Tirilisi alipata jiwe jingine.
Hakuna aliyerudishiwa hata punje.

Walimu wetu walisema shairi lisilo na mizani
si shairi. Wanisamehe.
Nyumba yetu iliumizwa na mizani.

Bwana Cheboror wa Nakuru, mkusanyaji mwenzangu,
amenipigia simu mara mbili.
"Risasi huyeyuka kabla shaba haijashtuka.
Iweke jikoni, mama wa mkuki atoke,
nikupe elfu kumi na mbili. Hivyo ilivyo, haina bei."
Ni kweli. Kwa kanuni zetu, imeharibiwa.
Jana usiku niliwasha jiko, nikashika koleo,
makaa yakaiva mekundu.
Nikabandika chai.

Leo nimerudi kwa Hasmukh na hesabu nyingine.
Babu Shivachi, mume wa mfuaji, aliuza pale
wakia kumi na nne; alizihesabu maisha yake yote.
Gramu tatu kasoro kidogo, mara kumi na nne.
"Arobaini," nikamwambia. "Kwa bei ya leo?"

Akachukua kikokotoo, akabonyeza, akatazama,
akakigeuza kifudifudi juu ya kaunta.
Kisha akaniuliza kama hiyo chai
bado naichemsha na tangawizi.