Gari Namba Thelathini na Saba

Saa nane mchana, Rovaniemi, na tayari ni usiku.
Tuulia Kortesniemi hajawasha taa;
ukuta una mwanga wake.
Barabara ya Muonio imelazwa ubavu kwenye skrini
kama samaki aliyepasuliwa, miiba yote nje,
na kila mwiba ni lori, ni gari la barua, ni basi la shule,
yanasemezana bila kufungua kinywa:
hapa pana utelezi,
hapa kulungu watatu,
hapa upepo umelala juu ya lami, pita polepole.

Kazi yake ni kupima kama wanaoambiwa wanasikia.
Wizara imelipia vifaa mia nne na kumi,
na Wizara inataka jibu la rangi moja.
Basi ametunga kanuni:
onyo likilia ndani ya gari
dereva ana sekunde nane.
Akipunguza mwendo, nukta ya kijani.
Asipopunguza, nyekundu.
Kijani ni utii, nyekundu ni kichwa kigumu.
Grafu inapanda vizuri, inapendeza machoni,
unaweza kuitandika mbele ya waziri na usitokwe jasho.

Isipokuwa gari namba thelathini na saba.
Nyekundu Jumatatu. Nyekundu Alhamisi.
Nyekundu kwenye kona ya Särkijärvi mara kumi na tisa,
zimerundikana kama surua kwenye shavu la mtoto.

"Huyo mfute," anasema Jouni wa meza ya pili,
mdomo umejaa mkate.
"Samaki mmoja akioza..."
Lakini nani aliyemnusa?
Kidole cha Tuulia kiko juu ya kitufe.
Anakiondoa, anapiga simu.

Urpo Lantto yuko anapopakulia,
injini inanguruma nyuma ya sauti yake.
Miaka thelathini na moja anavusha samaki wa Norwei.
"Ndiyo, kinalia. Kila nikifika pale kinalia."
"Na wewe hupunguzi mwendo."
Kimya. Si kimya cha hatia;
cha mtu anayetafuta namna ya kueleza kilicho wazi.
"Nipunguze nini, binti? Nimeshapunguza
tangu sanduku la posta la Aune, kilomita mbili nyuma.
Kulungu wanavuka pale tangu mama yangu hajazaliwa.
Kikilia, mimi natambaa. Nikikanyaga breki hapo,
wa nyuma yangu ataingia kitandani mwangu."

Anarudi kwenye data mbichi,
si ile aliyoipika na kuipamba,
na kweli: arobaini kwa saa. Arobaini. Thelathini na nane.
Mstari umelala chini kabla onyo halijazaliwa.
Wale wa kijani walikuwa tisini,
wakashuka hadi sabini,
wakasifiwa.

Nje theluji inaanguka bila mhimili wala kipimo.
Tuulia anafungua ukurasa mweupe,
na pale penye kichwa anaandika swali:
alikuwa akiendaje kabla hatujamwambia?
Hajui swali hilo lina rangi gani.
Ripoti ni kesho saa tatu asubuhi.

Jouni amevaa koti, funguo mkononi.
"Umeshamfuta yule?"
"Bado."

Kwenye sanduku la posta la Aune
mguu mmoja unainuka taratibu juu ya mafuta,
na ukutani hakuna kinachobadilika.